Kengele Iliyojaa Udongo

Zamani ng'ombe walijaa Busale hata aliyepotewa na mmoja aliwauliza majirani kwanza ndipo akakasirika, na siku hizi ng'ombe wamebaki mmojammoja, wamefungwa nyuma ya nyumba kama mbuzi, na watu hupiga kwanza, kuuliza huja baadaye, kama kuna atakayekumbuka.

Yakobo alizaliwa katika hiyo zamani, na hakuisamehe kwa kuondoka. Baba yake alikuwa na ng'ombe thelathini na sita, kila mmoja na jina lake. Mahali ambapo leo mikakao imesongamana hata jua halifiki chini, palikuwa malisho. Akiwa na miaka minane alikabidhiwa ndama. Akiwa na kumi na miwili alichunga kundi zima, na shule aliipita tu njiani akienda mtoni kunywesha. Kusoma alijifundisha mwenyewe baadaye, mtu mzima mwenye ndevu, kwa Biblia ya mkewe na kwa vipande vya magazeti vilivyofungia chumvi dukani.

Lakini alichokijua kuliko kusoma kilikuwa kengele. Ng'ombe kiongozi alivaa kengele ya chuma, na Yakobo aliweza kulala chali chini ya mgomba, amefumba macho, akakwambia: sasa anakula, sasa anatembea, sasa ameona nyoka. Na wazee walimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau. Mwizi wa ng'ombe hapotezi muda kufungua mkanda wa ngozi gizani. Huchota tope, akalishindilia ndani ya kengele, na ng'ombe hupita katikati ya kijiji kimya kama kivuli. Kwa hiyo ukiona kengele iliyojaa tope, usitafute zaidi. Mwizi yupo hapo.

Alipokuwa na miaka ishirini, yeye na vijana wa rika lake walimkamata mtu karibu na mto Songwe akiwa na fahali na kengele iliyozibwa. Walimpeleka kwa wazee. Aliulizwa, akajibu kwa kinywa chake, ndipo akapigwa. Alipigwa mpaka meno yakabaki mchangani, na Yakobo ndiye aliyepiga zaidi, na usiku ule wasichana walimtaja katika nyimbo zao. Tangu hapo fimbo ikawa sehemu ya mkono wake. Alimpiga mkewe wa kwanza akaondoka. Alimpiga mwanawe Eliya kwa sababu ya ndama aliyezama kwenye tope, akampiga hata sikio moja likafa, naye Eliya akapanda gari la mchele kwenda Mbeya, na mpaka leo hajarudi hata kwenye msiba. Yakobo akiulizwa alisema, "Mtoto asiyepigwa hachungi."

Ng'ombe thelathini na sita hawakuibiwa. Waliisha kwa mahari, kwa mirathi, kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na malisho yakaisha kwa kakao. Alipofikisha miaka sabini na mbili alibaki na ng'ombe mmoja jike, Madoa, na kengele moja kuukuu yenye pengo mdomoni. Alimvalisha Madoa kengele hiyo ijapokuwa hakuwa na mahali pa kwenda. Jubilate, mkewe wa pili, alikuwa akicheka: "Anavaa kengele ili atusikilizishe akijikuna."

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, Madoa hakuwepo.

Kamba ilibaki imefungwa kwenye mti, imekatika. Yakobo aliitazama ncha yake akaona kisu. Jubilate aliitazama ncha ileile akaona kamba kuukuu.

"Imekatika yenyewe," alisema. "Na kwa tumbo lile alilokuwa nalo, Baba Eliya, huenda—"

"Wewe unajua nini kuhusu ng'ombe? Kahesabu bata wako."

Akapiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa mpwa wake Asajile, kijana wa miaka thelathini, kiongozi wa ulinzi wa kijiji, mwenye filimbi shingoni na koti la mvua lililomzidi. Nyuma yake walikuja vijana saba na marungu, wawili kati yao na mapanga ya kuvunia kakao.

"Mjomba, umelala namna gani mpaka mwizi anakuja kukufunika shuka?"

"Ningekuwa na umri wako asingefika uani. Ninyi siku hizi mnachunga simu."

"Simu hailiwi na chui, Mjomba."

Walicheka. Kijana mmoja aitwaye Ambrose akauliza kama mzee alisikia kengele.

"Sikuisikia," Yakobo alisema, "na hapo ndipo mnapopaswa kunisikiliza, maana hakuna aliyewafundisha." Akawasimulia habari ya tope. Aliisimulia vizuri, kama alivyosimuliwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi vijana walimtazama usoni wakati anazungumza. "Mwizi haisafishi kengele mpaka avuke Songwe. Tafuteni kengele iliyozibwa. Mkiipata, mmempata."

Alama za kwato zilikuwepo njiani, kama zinavyokuwepo kila asubuhi. Wakazifuata kuteremka kwenda bondeni. Kila walipopita, mtu aliongezeka: aliyeibiwa kakao yake mikekani, aliyeibiwa betri ya pikipiki, na yule ambaye hakuibiwa kitu ila alikuwa na rungu. Walipofika kwenye majaruba ya Ikolo walikuwa kama ishirini, wamelowa, hawajanywa chai, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Katikati ya mpunga waliona kichwa.

Alikuwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, mwenye gauni la njano, ameketi kwenye tuta la jaruba. Alikuwa akitumbukiza vidole majini, anavitoa, anatazama matone yanavyoanguka, kisha anavitumbukiza tena. Kiunoni alifungwa mkanda wa ngozi, na kwenye mkanda ilining'inia kengele ya ng'ombe.

"Ugonile," Asajile alimwamkia, kwa upole tu, kama mtoto yeyote anavyoamkiwa asubuhi.

Msichana hakugeuka.

"Ugonile, wewe binti."

Matone yakaanguka.

"Anaringa," alisema mmoja.

"Mke wa mbunge huyo. Mpigie magoti."

"Labda ni bubu."

"Bubu hukuonyesha ishara," alisema Asajile, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Bubu hukutazama mdomo. Huyu hatutazami hata kidogo. Huyu amefundishwa."

Yakobo alimsogelea, akainama, akaishika kengele na kuipindua. Ndani ilikuwa imejaa udongo laini wa kijivu, umeshindiliwa kwa vidole mpaka ukingoni, bado una unyevu. Moyo wake uliruka. Haikuwa hasira. Ilikuwa furaha, furaha ya mtu aliyesema kitu na kikatokea mbele ya vijana, na furaha hiyo ndiyo aliyokuja kuichukia kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya kwa mkono.

"Ndiyo hii," alisema.

"Ni kengele yako, Mjomba?"

Kengele yake ilikuwa na pengo mdomoni. Hii haikuwa nalo. Hakulitafuta.

"Yangu."

Akaukata mkanda kwa kisu, akaitia kengele mfukoni mwa koti. Akamwuliza msichana, "Wako wapi waliokupa?" Akauliza mara moja tu. Msichana aliinua mkono kwenda majini kama kwamba hapakuwa na mtu, na Yakobo akaupiga mkono huo kwa fimbo yake ya mkomamanga. Ulivunjika kati ya kiwiko na kifundo, wote walisikia.

Msichana hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa mlio mmoja, mrefu, wa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka, na mlio ule ukawatia wazimu. Mtu akipigwa huomba, hutukana, humwita mama yake, na aliyepiga hujua amefika wapi. Huyu hakuwaonyesha mahali pa kuishia. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili mgongoni. Asajile alipomshika nywele ili amwinue, alimng'ata kidole gumba mpaka mfupani, na Asajile akampiga kofi la uso lililomwangusha ndani ya mpunga. Mguu wa mtu ukamkanyaga shingoni. Mlio ukaendelea chini ya maji, kwa mapovu.

"Hasemi! Jamani, mtoto hasemi!"

Mwanamke alikuja akikimbia juu ya matuta, mikono yake ya kijivu kwa udongo mpaka viwikoni. Huyo alikuwa Angetile, mama wa msichana, mfinyanzi kutoka Ikombe, kando ya ziwa. Alijitupa juu ya mwanawe akamtoa kichwa majini, akamfunika kwa mwili wake. "Hajui kusema! Tangu azaliwe hajasema! Mwulizeni yeyote hapa Ikolo!" Hakuna aliyekwenda kuuliza. Marungu yaliyokuwa yakimshukia mtoto yalimshukia mama, na mmoja wa wale wenye mapanga alimpiga kwa ubapa wa panga mara tatu mgongoni, akihesabu kwa sauti.

Kisha akaja baba, Mika, mvuvi mwenye mabega mapana, na kafi mkononi. Alimpasua Ambrose kichwa, akamvunja mwingine taya, na kwa muda mfupi ilionekana kama mtu mmoja angewafukuza ishirini. Walimwangusha kwa kumkata mtama. Wawili wakakalia miguu yake, mmoja akakalia kifua, na mkono wake wa kulia, uliokuwa bado umeshika kafi, ukanyooshwa juu ya tuta.

Hapo simu ya Yakobo ikaita.

Alikuwa Jubilate. "Baba Eliya, rudini. Madoa yupo kwa jirani Ambilikile, ndani ya migomba. Amezaa. Ndama jike. Kengele yake imejaa tope tele, alikuwa amelala kwenye bwawa mpaka shingoni. Unanisikia? Amezaa."

Ng'ombe mwenye mimba, siku zake zikitimia, huvunja kamba na kujitenga azae peke yake. Mtoto wa miaka minane anayechunga analijua jambo hilo. Yakobo alilijua kabla hajajua kufunga kaptura.

"Nimesikia," alisema.

Akaifunga simu. Akaitia mfukoni, na mfukoni vidole vyake vikagusa kengele ya mtoto. Vijana ishirini walikuwa mbele yake, vijana waliomsikiliza asubuhi ile, na yeye alikuwa na maneno matatu ya kusema, nayo hayakutoka. Alitafuta namna ya kuyasema bila kuwa mpumbavu. Aliwaza aseme kwamba mwizi amemwacha ng'ombe njiani. Aliwaza aseme wamfunge tu huyu mtu, wampeleke kwa mtendaji. Alikuwa bado anachagua maneno wakati Asajile, kidole gumba chake kikivuja damu, alipochukua panga kwa mwenzake akaliinua na kulishusha juu ya mkono wa Mika. Halikukata mara ya kwanza. Akalishusha tena.

"Acheni!" Yakobo akapiga kelele. "Acheni! Ng'ombe amepatikana!"

Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha mwendawazimu. Kisha watu wakaanza kuondoka, kwanza wakitembea, halafu wakikimbia, wakitupa marungu ndani ya mpunga. Asajile alisimama akilitazama panga. "Mjomba," alisema, kama mtoto anayetaka kuambiwa afanye nini. Yakobo alikuwa akimwinamia msichana. Asajile akakimbia kuelekea Songwe, na inasemekana yuko ng'ambo, Malawi, anabeba mizigo.

Mama mmoja wa Ikolo, Felista, ndiye aliyeufunga mkono wa Mika kwa kitenge chake na kupiga simu kuita pikipiki. Yakobo alimbeba msichana. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na njia nzima alitoa mlio ule mmoja, macho yake yakitazama mawingu.

Hospitalini waliambiwa wapate kwanza fomu ya polisi. Yakobo alikwenda kituoni, akasubiri, akarudi nayo. Alieleza kwamba kundi la watu wasiojulikana lilimvamia mtoto na wazazi wake, na yeye akalizuia. Hakupanga kusema hivyo. Askari aliuliza, "Wewe ndiye uliyewazuia?" naye akasema ndiyo, na ilikuwa kweli kiasi cha kuweza kutamkwa.

Jioni Angetile alimkuta kwenye benchi nje ya wodi. Jicho lake moja lilikuwa limevimba likafumba. Alipiga magoti mbele ya mzee kama wanawake wa zamani walivyofanya, jambo ambalo Yakobo alikuwa akililalamikia kila siku kwamba limekufa.

"Ndaga, baba," alimshukuru. "Nilikusikia. Usingepiga kelele tungekufa wote."

"Inuka, mwanangu."

"Nilikusikia kwa masikio yangu."

Angetile alipofika pale jarubani, mkono wa mtoto ulikuwa umekwisha kuvunjika. Hakuona ni nani aliyeuvunja. Kati ya waliobaki, aliyeona alikuwa mtoto mwenyewe, na huyo hakuwa na namna ya kueleza.

Angetile akakaa kwenye benchi akamweleza habari za mtoto huyo, Tusajigwe, maana alitaka kumweleza mtu. Alikuwa anatembea vizuri katika mwezi wake wa kumi na moja. Alisema "mama" mara mbili, kisha maneno yakaondoka kama maji yanavyoondoka kwenye mchanga. Huko Ikombe walisema amelogwa. Mhubiri mmoja alisema ana pepo bubu, akamfungia siku tatu bila chakula na kumpiga kwa mkanda ili pepo atoke, mpaka Mika alipovunja mlango. Kisha muuguzi mmoja akawaambia kwamba ugonjwa huo una jina, unaitwa usonji, na kwamba si ugonjwa hasa, ndivyo mtoto alivyo. Akawaambia kuna shule upande wa Kyela inayopokea watoto kama hao. Kwa ajili ya shule hiyo wakahama kutoka ziwani, wakakodi shamba Ikolo. Shule ilikaa naye wiki tatu ikamrudisha: anakimbia, walisema, na mwalimu ni mmoja.

"Ni kweli anakimbia," Angetile alisema. "Ukigeuka tu, hayupo. Anapenda maji. Sasa mimi niko na vyungu, nitamfunga kamba kama mbuzi? Baba yake akanunua kengele mnadani. Nikiwa nafinyanga namsikia, niko tayari. Lakini yeye haitaki ile sauti. Inamuuma masikioni, hata ukidondosha sufuria anajipiga kichwa. Basi anachukua udongo wangu, anaujaza ndani. Kila jioni naukwangua kwa kijiti, kila asubuhi anaujaza tena. Ndiyo kazi yetu. Tunacheka." Akageukia mlango wa wodi. "Sijui imeangukia wapi ile kengele."

Ilikuwa mfukoni mwa koti la Yakobo, kiganja kimoja kutoka kwenye goti la Angetile.

Mkono wa Mika haukuokolewa. Wa msichana uliunga, ukiwa umepinda kidogo. Siku Yakobo alipoingia wodini kuwasalimu, Tusajigwe alijificha chini ya kitanda akajigonga kichwa sakafuni mpaka damu ikatoka, na wauguzi wawili wakashindwa kumtoa.

"Msamehe, baba," Angetile alisema kwa aibu. "Hana adabu ya wageni. Hakujui."

Yakobo akafanya kama sheria ya wazee inavyotaka palipomwagika damu: alimtoa Madoa na ndama wake, akawaswaga mwenyewe kwa miguu kutoka Busale hadi Ikolo, na kumkabidhi Mika kamba mkononi, mkono wa kushoto. Watu walitoka kutazama. Kanisani mchungaji alimtaja kwa jina, akasema bado wapo wazee. Jubilate, aliyejua saa aliyopiga simu, hakusema kitu. Alianza tu kulala chumba cha bata, na chakula alikiweka mezani bila kukaribisha. Watu waliokuwa na marungu siku ile walimwamkia Yakobo njiani kwa heshima kuliko zamani, maana yeye akinyamaza na wao wamepona. Alitaka kumpiga kila mmoja wao. Jioni moja alimpiga mbwa wake, mbwa wa miaka tisa aliyekuja kumlamba mguu, akampiga mpaka akafa, kisha akakaa kando yake uani hadi mvua ilipokuja.

Septemba Felista alimtumia ujumbe kwamba wale Wakisi, Mika na mkewe, wanarudi kwao. Mwenye shamba amewanyang'anya. Ikolo watu walikuwa wameanza kusema mtoto yule ana mkosi, anavuta damu. Jumamosi watakuwa Matema, gulioni, kisha watapanda mtumbwi wa kwenda Ikombe.

Yakobo alipanda pikipiki mbili, moja baada ya nyingine, akafika Matema jua likiwa limepanda. Gulio la vyungu halikuwa tena lile alilolijua. Zamani chungu kilibadilishwa na mpunga unaokijaza, basi. Ulimimina mbele ya mwenye chungu, na hakuna aliyeweza kukudanganya, kwa kuwa chungu chenyewe ndicho kilichokuwa kipimo. Sasa ni ndoo za plastiki huku, na huku wafinyanzi wachache wanaokaa na vyungu vyao kama watu waliofiwa.

Mtumbwi ulikuwa umepakiwa, pua mchangani. Tusajigwe aliketi ndani, nyuma, kati ya vyungu vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, mkono uliopinda ukining'inia majini. Kamba ilitoka kiunoni kwake mpaka kwenye mti wa kukalia. Angetile alimwona Yakobo kwanza, akaanza kupiga magoti.

"Usipige," Yakobo alisema. "Simama."

Akatoa kengele mfukoni. Udongo ulikuwa umekauka ndani yake, mgumu kama chungu kilichochomwa, na juu yake zilionekana alama za vidole vidogo vinne na cha gumba.

"Umeipata wapi?" Mika aliuliza. Alikuwa amesimama majini hadi magotini, kafi chini ya kwapa la mkono uliobaki.

"Nilikuwa nayo. Niliikata mimi kiunoni mwake. Mimi ndiye niliyesema ni yangu, na haikuwa yangu. Mkono wa mtoto niliuvunja mimi, wa kwanza kabisa, kabla hajaguswa na mtu. Na simu." Aliishia hapo, akaanza upya. "Mke wangu alinipigia kwamba ng'ombe amezaa. Ilipoita, wewe ulikuwa bado una mkono. Nilinyamaza. Niliona aibu mbele ya vijana."

Mika alilishusha kafi kutoka kwapani mpaka kiganjani. Kisha akatoka majini.

Pigo la kwanza la kafi lilimpata Yakobo sikioni, upande uleule wa sikio la Eliya aliloliua. La pili lilivunja mfupa wa bega. Mtu anayepiga kwa mkono asiouzoea hupiga vibaya na hupiga sana, na Mika alipiga hivyo, mbavuni, mapajani, mdomoni, akikosa na kupiga mchanga na kuinua tena, akitokwa na sauti kama mtu anayetapika. Yakobo alianguka kwa magoti, akaanguka kifudifudi. Hakuinua mkono kujikinga. Wauza samaki walisimama. Hakuna aliyeingilia, na kwa mara moja katika maisha yake Yakobo aliona ni sawa watu wasiingilie.

Kilichomsimamisha Mika ni mlio. Ulianza mtumbwini, mrefu, wa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka. Tusajigwe alikuwa ameziba masikio, mkono mmoja umenyooka na mwingine umepinda, na alikuwa akigonga kichwa kwenye ubavu wa mtumbwi kwa kila pigo alilolisikia. Mika aliliona hilo. Akaangusha kafi, akaingia majini, akamshika mwanawe kichwa kwa kiganja kimoja, akabana shavu lake juu ya utosi wake, na akakaa hivyo.

"Ng'ombe wako yuko kwa Felista," alisema bila kugeuka. "Kamchukue, au muache afe. Usije Ikombe. Nitakuua."

Angetile aliiokota kengele mchangani. Alichomoa kijiti kwenye fungu la majani, akazungusha ukingoni taratibu, kama alivyofanya kila jioni, na ule udongo mkavu ukatoka mzima, una umbo la ndani ya kengele, vidole vya mtoto vikiwa juu yake. Akaufunga kwenye pindo la kitenge. Kengele tupu akamwekea mzee karibu na uso.

"Hii ni ya ng'ombe," alisema.

Alisukuma mtumbwi, akapanda, akachukua kafi yeye mwenyewe. Mika hakumwachia mtoto kichwa.

Yakobo alijaribu kuinuka ili awaone, na alipoishika kengele ajiegemeze, ikalia. Hakuna kilichoizuia sasa. Juu ya maji, kichwa cha Tusajigwe kilishtuka kifuani mwa baba yake. Yakobo akaingiza vidole viwili ndani ya kengele haraka, akakibana kile chuma kinachogonga, akakibana hivyo akiwa amekaa mchangani, damu ikimdondoka kidevuni, wakati mtumbwi ukienda ukiambaa na miguu ya milima ya Livingstone. Mlio wa kengele ulikoma. Msichana aliachia masikio yake, akautumbukiza majini ule mkono uliopinda, akautoa, akatazama matone, akautumbukiza tena. Yakobo hakutoa vidole mpaka mtumbwi ulipopinda kwenye majabali ukapotea, na hakuwaona tena.